Kiwanja cha Ndege cha Kesho



Mazungumzo yetu ya leo yahusu viwanja vya ndege. Sikukusudia kuwaeleza habari za eropleni zenyewe, jinsi zinavyoruka na nani waliozitengeneza kwanza, maana habari hizo zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Nataka kueleza kazi ya wale watu wanaopanga kiwanja kwa ajili ya wasafiri ambao hawajafika bado, na pengine hawajazaliwa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kumwaga saruji na lami.

Huenda mkulima akauliza: "Mimi sisafiri kwa eropleni. Habari hizi zanihusu nini?" Zamhusu sana. Kwanza, kila kiwanja hujengwa juu ya ardhi, na mara nyingi ardhi hiyo ilikuwa shamba la mtu. Pili, kiwanja kikiwa kidogo, maua ya Naivasha na minofu ya sangara wa Ziwa Victoria, vitu ambavyo husafirishwa ng'ambo kwa eropleni, vitachelewa na kuharibika, na hasara itarudi kwa mtu wa shambani na mvuvi. Tatu, kiwanja kikiwa kikubwa kupita kiasi, deni lake hulipwa kwa kodi, na walipaji wake ni watu ambao hawakuulizwa. Basi pande zote mbili kuna hatari, na njia ya salama ni nyembamba.

Mambo matatu ya kiwanja

Kiwanja cha ndege kina mambo matatu makubwa, na kila moja lina umri wake. La kwanza ni jumba la abiria. Hili laweza kujengwa kwa miaka michache, na likichakaa laweza kubomolewa na kujengwa jingine. La pili ni njia ya kurukia na kutua. Hii ni ghali, nayo hukaa miaka mingi. La tatu ni ardhi. Ardhi ikikwisha kujengwa nyumba, shule, misikiti na makanisa, ni vigumu mno kuipata tena, hata mtu awe na fedha nyingi.

Njia ya kurukia haina urefu mmoja kila mahali. Eropleni huinuliwa na hewa inayopita kwa kasi kwenye mabawa yake. Katika nchi ya juu hewa ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Kwa hiyo eropleni inayoondoka katika nchi ya juu wakati wa jua kali sharti ikimbie mbali zaidi ndipo iinuke. Njia kubwa ya Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,600, ina urefu wa mita 4,117. Ile ya Dar es Salaam, iliyo karibu na bahari, ina mita 3,000. Tena, eropleni huruka na kutua kwa kuukabili upepo. Na kama vile nahodha wa jahazi asivyoweza kuzisahau kaskazi na kusi, mpangaji wa kiwanja naye hana budi kujifunza pepo za mahali kabla ya kupiga kamba yake.

Ikiwa njia moja haitoshi, ya pili huwekwa sambamba nayo. Lakini ili eropleni zitue katika njia zote mbili bila moja kuingoja nyingine, sharti njia hizo ziachane zaidi ya kilomita moja. Basi njia inayoongezwa hudai ardhi kubwa kuliko ile inayofunikwa na lami yake. Hapo ndipo mashamba ya watu huingia katika hesabu.

Namna ya kuhesabu

Wapangaji huanza kwa kuhesabu abiria. Jumla ya mwaka haiwatoshi, maana wasafiri hawaji sawasawa. Kuna saa ambapo jumba ni tupu na mfagiaji husikia vishindo vya ufagio wake mwenyewe. Na kuna saa ambapo eropleni nne hutua pamoja, na watu hawana mahali pa kuweka mguu.

Mfano wake ni msikiti. Mwenye kujenga msikiti hapimi kwa watu wanaosali alasiri ya Jumatatu; akifanya hivyo, kila Ijumaa watu watasali juani. Wala hapimi kwa watu wa siku ya Idi, maana msikiti huo ungekuwa mkubwa mno na ungekaa mtupu karibu mwaka mzima. Siku ya Idi watu husali uwanjani, na hakuna anayelalamika. Hupima kwa Ijumaa. Wapangaji wa viwanja hufanya vivyo hivyo. Huziandika saa zote za mwaka kwa kufuata wingi wa abiria, huziacha zile chache zilizopita kiasi, kisha huchukua saa moja iliyo karibu na kilele, mathalan ya thelathini au ya arobaini, ikawa ndiyo kipimo chao.

Baada ya kujua hali ya leo, hukadiria ya kesho. Hutazama wingi wa watu katika nchi, mapato yao, bei ya nauli, bei ya mafuta, biashara, na idadi ya wageni wanaokuja kutembea. Hapo wanafunzi na watazame hesabu hii. Tuseme kiwanja hupitisha abiria 1,000 kwa siku. Wakiongezeka 7 katika kila 100 kila mwaka, baada ya miaka 10 watakuwa karibu 1,970. Baada ya miaka 20 watakuwa karibu 3,870. Na baada ya miaka 30 watapita 7,600. Sasa tuseme wanaongezeka 4 katika kila 100. Baada ya miaka 30 watakuwa kama 3,240 tu.

Tofauti ya 7 na 4 yaonekana ndogo mwanzoni, hata baina ya wataalamu wawili waliokaa meza moja. Lakini ikipewa miaka 30, mmoja atataka kiwanja kikubwa zaidi ya mara mbili ya kile cha mwenzake, na wote wawili watakuwa wamefanya hesabu yao bila kosa.

Mambo yasiyotazamiwa

Tena mambo mengine huja yakaiharibu hesabu yote. Nitataja mawili.

Mwaka 1937 eropleni kubwa za majini zilianza kuchukua barua na abiria kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini. Huku kwetu zilitua juu ya ziwa Kisumu, kisha baharini Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Hazikuhitaji njia ya lami. Maji matulivu yalitosha. Mtu ambaye mwaka ule angeshauri kujenga bandari kubwa za eropleni katika pwani yote angeitwa mwenye busara. Lakini wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 njia ndefu za kurukia zilijengwa katika nchi nyingi, eropleni za nchi kavu zikawa na nguvu zaidi, na mwaka 1950 zile safari za eropleni za majini kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini zikakoma. Bandari hizo, kama zingalijengwa, zingalibaki kwa ngalawa za wavuvi.

La pili wengi wetu twalikumbuka. Mwaka 2019 eropleni za dunia nzima zilichukua abiria wapata bilioni 4.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, walishuka wakawa kama bilioni 1.8. Hakuna mpangaji aliyekuwa ameandika jambo hilo katika daftari lake. Kisha wasafiri wakarudi, na mwaka 2024 idadi yao ikaipita ile ya 2019. Aliyesema mwaka 2020 kwamba viwanja havitahitajika tena alikosea, sawa na yule aliyesema mwaka 2019 kwamba ongezeko halitakoma.

Sasa tutazame viwanja viwili vya nchi za mbali, kimoja kilichobanwa na kimoja kilichozidi, kisha turudi nyumbani.

Kiwanja kilichobanwa

Kiwanja cha Heathrow, upande wa magharibi ya London, kilifunguliwa kwa abiria wa kawaida mwaka 1946. Hakikuwa na jumba. Wasafiri walingojea ndani ya mahema yaliyokuwa ya jeshi. Njia zake zilipangwa mfano wa nyota yenye ncha sita, ili upepo uvumapo kutoka upande wowote eropleni ipate njia ya kuukabili. Majumba ya abiria yakawekwa katikati ya nyota hiyo, na barabara ya kuyafikia ikapitishwa katika tundu chini ya njia ya kurukia.

Kwa hesabu za siku zile mpango ulikuwa mzuri. Lakini eropleni zikazidi kuwa kubwa na nzito, upepo wa ubavuni haukuzitisha kama zamani, na njia nyingi za ile nyota zikaachwa. Leo zimebaki mbili. Majumba ya katikati yakawa kama mtu aliyejenga nyumba katikati ya shamba lake, kisha akapanda michungwa kuizunguka. Alipotaka kuongeza vyumba hakupata nafasi. Wakati huohuo mji ulisogea ukakizunguka kiwanja. Mwaka 2019 njia hizo mbili zilitumiwa na abiria karibu milioni 81.

Kila mara wakubwa walipotaka kuongeza njia ya tatu, au kujenga kiwanja kingine mahali pengine, maneno yalikuwa mengi. Mwaka 1971 Serikali ya Uingereza ilichagua mahali pa kiwanja kipya katika fungu za mchanga za Maplin, kando ya bahari; mwaka 1974 mpango huo ukaachwa. Mwaka 2018 Bunge lilikubali njia ya tatu ya Heathrow. Mwezi wa Februari 2020 mahakama ikaukataa uamuzi huo kwa sababu ya habari za hali ya hewa ya dunia. Mwezi wa Desemba mwaka uleule mahakama iliyo kuu zaidi ikaurudisha. Mwaka 2025 Serikali ikasema tena kwamba inaitaka njia hiyo. Katika muda huo wote, watu wa kijiji cha Harmondsworth, ambacho sehemu yake ingebomolewa, wamekaa bila kujua kama nyumba zao zitabaki au zitaondolewa. Mtu asiyejua hayo hana hamu ya kutengeneza paa wala kupanda mti.

Kiwanja kilichozidi

Watu wa Montreal, katika nchi ya Kanada, waliliona kosa la kubanwa, wakaazimia kutolifanya. Walikuwa na kiwanja cha Dorval, karibu na mji. Abiria waliongezeka kwa haraka, na wataalamu walitazamia makumi ya mamilioni kwa mwaka katika siku za mbele. Basi mwaka 1969 Serikali ya Kanada ikachagua mahali papya upande wa kaskazini, mahali palipoitwa baadaye Mirabel, ikatwaa ekari kama 97,000. Eneo hilo ni kilomita za mraba wapata 390, karibu ukubwa wa kisiwa cha Mafia. Lilikuwa nchi nzuri ya kilimo. Maelfu ya watu waliondolewa katika mali zao, na wengi waliobaki kulima wakawa wapangaji, wakilipa kodi kwa ardhi ambayo baba zao waliifyeka.

Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1975. Jumba lake lilikuwa zuri, na njia zake zilikuwa ndefu. Lakini abiria waliotazamiwa hawakuja. Hata katika miaka yake mizuri, Mirabel haikupitisha zaidi ya abiria milioni tatu hivi kwa mwaka.

Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja yafaa kukumbukwa. Kwanza, kiwanja kilikuwa mbali na mji, na reli iliyokusudiwa kukiunganisha haikujengwa. Pili, Dorval haikufungwa. Safari za kwenda nchi za nje ziliwekwa Mirabel, na safari za ndani ya nchi zikabaki Dorval. Kwa hiyo mgeni aliyetoka Ulaya na kutaka kuendelea na safari yake ndani ya Kanada alilazimika kupanda basi kutoka kiwanja hiki mpaka kile. Watu waliona ni afadhali kupitia mji mwingine. Tatu, eropleni mpya ziliweza kuruka masafa marefu bila kutua, zikaipita Montreal na kwenda moja kwa moja hata Toronto, mji ambao biashara yake ilikuwa ikikua zaidi. Nne, bei ya mafuta ilipanda ghafula tangu mwaka 1973, na nauli zikapanda nayo.

Mwaka 1997 safari za nchi za nje zikaanza kurudishwa Dorval. Tarehe 31 Oktoba 2004 eropleni ya mwisho ya abiria ikaondoka Mirabel. Mwaka 2014 wakaanza kulibomoa lile jumba, na kazi ikamalizika mwaka 2016. Njia ya kurukia bado hutumiwa na eropleni za mizigo, na hapo pana viwanda vya kuunda eropleni. Lakini mambo hayo hayakuhitaji ekari 97,000. Mwaka 1985 Serikali ilikata shauri kuwarudishia wakulima ekari kama 80,000, na mwaka 2006 ikatangaza kurudisha nyingine wapata 11,000. Yaani karibu ardhi yote iliyotwaliwa haikuhitajika kamwe. Mkulima aliyeondolewa akiwa na nguvu zake alirudishiwa shamba akiwa mzee, au akarudishiwa mwanawe.

Tazameni jambo hili kwa uangalifu. Wapangaji wa Montreal hawakuwa wavivu wala wajinga. Kwa kweli walikuwa wakiiziba nyufa iliyowashinda wengine. Kosa lao lilikuwa kuiamini hesabu moja ya miaka 30 kana kwamba ni deni lililoandikwa na kutiwa sahihi.

Habari za kwetu

Nairobi ilipata kiwanja cha Embakasi mwaka 1958. Ardhi yake ilisawazishwa kwa sehemu kubwa kwa mikono ya wafungwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, na jambo hilo lisisahauliwe na mtu anayetua pale leo. Mwaka 1978 jumba jipya likafunguliwa upande wa pili wa njia ya kurukia, likakusudiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka, na mwaka huohuo kiwanja kikapewa jina la Jomo Kenyatta. Miaka ikapita, abiria wakazidi mara mbili ya kipimo hicho, na jumba likabaki lilelile. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kupokelea wageni kutoka nchi za nje. Kwa muda wageni wakapokewa ndani ya mahema, kama London mwaka 1946.

Baadaye majumba mengine yakaongezwa. Lakini mpango wa jumba kubwa la abiria milioni 20 kwa mwaka ulifutwa mwaka 2016, na mwaka 2024 Serikali ya Kenya ikayafuta mazungumzo ya kukikabidhi kiwanja kwa kampuni ya nchi za nje kwa muda wa miaka 30. Hivyo twaona kwamba kupanga si kuchora tu. Fedha zitoke wapi, na nani awe mwenye amri, nayo ni maswali ya mpangaji.

Dar es Salaam ilijengewa jumba la pili mwaka 1984. Kabla ya 2019 abiria wa kiwanja kizima walikuwa wamekwisha kupita milioni mbili kwa mwaka, na watu walisongamana. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la tatu, lenye nafasi ya abiria milioni sita kwa mwaka. Mwaka uliofuata Korona ikaja, na kumbi zake zikawa kimya. Je, lilikuwa kosa kulijenga? La. Jumba hilo halikujengwa kwa ajili ya mwaka mmoja. Lakini miezi ile ilionyesha jinsi mkadiriaji anavyotembea gizani, hata akiwa na taa nzuri.

Na hapo Dar es Salaam pana habari nyingine, ambayo haisemwi siku ya kukata utepe. Nyumba za watu wa Kipawa na mitaa ya jirani zilithaminiwa mwaka 1997, ili ardhi yao iongezwe katika kiwanja. Kwa watu wa Kipawa malipo yalikuja baada ya zaidi ya miaka kumi. Kwa watu wa Kipunguni kungoja kulizidi miaka ishirini. Mtu ambaye nyumba yake imekwisha kuandikwa hathubutu kujenga chumba kipya, wala hapati mpangaji wa kudumu, wala hawezi kuuza. Thamani iliyoandikwa mwaka ule haimnunulii kiwanja kingine baada ya bei zote kupanda.

Njia ya katikati

Basi tufanye nini, ikiwa kujenga kidogo ni hasara na kujenga kikubwa ni hasara, na siku za mbele hazijulikani?

Wapangaji wengi siku hizi wameafikiana juu ya kanuni hii: ardhi itengwe mapema, lakini jengo lijengwe kwa hatua. Akiba haiozi, wasema wazee. Shamba lililotengwa laweza kuendelea kulimwa miaka 20, na lisipohitajika hakuna kilichopotea. Lakini jumba lililojengwa na kukaa tupu lahitaji rangi, taa, walinzi na riba ya mkopo kila siku. Kwa hiyo mchoro wa kiwanja kizima, pamoja na njia ya pili na majumba ya baadaye, hufanywa mwanzoni. Kisha sehemu moja tu hujengwa. Ya pili huanzwa abiria wafikapo idadi iliyotajwa, hata kama mwaka uliotajwa haujafika. Abiria wakija upesi, kazi huanza upesi. Wakikawia, kazi hungoja nao.

Kanuni hiyo ni nzuri kwa mwenye kiwanja. Lakini tusijidanganye: akiba hiyo ina mtu anayeilipia, naye ni yule anayekaa ndani ya mpaka uliochorwa. Kama ardhi inatengwa kwa kalamu, na mwenyewe anaambiwa "ngoja," basi Serikali imejiwekea akiba katika mfuko wa mtu mwingine. Kwa hiyo kanuni haikamiliki bila mambo matatu.

La kwanza, mpaka uwe na kipimo. Wapangaji waonyeshe kwa nini ekari hizi zahitajika, wala wasichukue kisiwa kizima kwa kuwa karatasi ni kubwa. Mirabel ndiyo mfano.

La pili, malipo yaje upesi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yataka malipo ya haki, kamili, bila kukawia. Neno "haraka" liliwekwa kwa sababu. Fidia iliyochelewa miaka kumi si fidia kamili, hata hesabu yake ikiwa sahihi siku ilipoandikwa.

La tatu, aliyelipwa aruhusiwe kulima mpaka siku ardhi itakapohitajika kweli, na kama haitahitajika, aambiwe wazi, apewe nafasi ya kwanza ya kuirudisha. Wakulima wa Mirabel walipata haki hiyo, lakini iliwabidi kuipigania kwa miaka mingi.

Basi ikitokea siku moja maofisa wakaja kijijini kwenu na kamba na vigingi, msiwafukuze, wala msiwape kichwa tu kwa kila neno. Wakaribisheni, kisha waulizeni. Mmetazamia abiria wangapi, na ikiwa watakuja nusu yao, mtafanya nini? Barabara au reli ya kufika hapa imo katika mpango, au ni ahadi? Kiwanja cha zamani kitafungwa, au vitagawana wasafiri? Malipo yatatoka mwezi gani? Na ni dalili gani itakayoonyesha kwamba hatua ya pili ianze, au isianze? Ofisa aliyepanga vizuri atafurahi kuulizwa, maana majibu yamo katika daftari lake. Majibu hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa kijiji, pamoja na tarehe, na nakala ibaki kwenu.

Nanyi wanafunzi, ile hesabu ya 7 na 4 katika 100 msiiache katika kitabu hiki. Ifanyeni tena kwa miaka 15, kisha kwa miaka 40, mkaone jinsi njia mbili zinavyoachana. Miongoni mwenu watatoka wapimaji, mainjinia na wakubwa wa serikali watakaotia sahihi michoro ya viwanja vijavyo. Na wengine watakuwa wenye mashamba yaliyo ndani ya mistari ya michoro hiyo. Yafaa wote wawili wajue kusoma karatasi moja.